Masahihisho ya Ukurasa wa Nne katika Maisha ya Dkt. Filister Amondi

Mchungaji, Mama, Shem Duncan, Mama Ndululu, ndugu wa pande zote mbili, majirani wa Gatina na wa Laini Saba, nanyi mliotoka kazini kuja kutusindikiza, mimi ni Celine Oluoch, mdogo wa mwisho wa marehemu, na familia imenituma nisome maisha yake leo, Alhamisi, tarehe 23 Oktoba 2025, kabla hatujaanza safari ya kwenda kumzika Machakos. Maisha hayo yako ndani ya kijitabu mlichopewa mlangoni, kuanzia ukurasa wa tatu, ila naomba msinifuate humo neno kwa neno, kwa sababu ukurasa wa nne una kosa, na nikifika hapo nitasimama ili tulisahihishe pamoja.

Filister Amondi alizaliwa Alhamisi, tarehe 6 Juni 1985, Laini Saba, Kibera, katika nyumba ya chumba kimoja karibu na reli, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Oluoch Obiero, fundi wa masanduku na majiko ya bati, na wa Bi. Adhis Oluoch, muuza omena, ambaye amekaa hapa mbele yenu. Alifuatwa na wavulana watatu, na mwisho mimi, niliyezaliwa yeye akiwa na miaka kumi na mitatu, kwa hivyo mgongo wake niliujua kabla sijaujua uso wake.

Alianza darasa la kwanza Januari 1992 katika shule ya msingi ya kanisa pale Laini Saba, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1999, akaenda shule ya upili ya bweni ya wasichana kule Siaya kuanzia mwaka 2000 hadi 2003. Walimu wake wanakumbuka jambo moja, kwamba hakuamini majibu yaliyochapishwa nyuma ya kitabu, alikokotoa kwanza, kisha akafungua nyuma, na walipotofautiana alirudia hesabu mara tatu kabla ya kuamua nani amekosea, na mara mbili aliyekosea alikuwa kitabu. Tabia hiyo haikumwacha, na kwa sababu yake wengine walimwona mgumu.

Mwaka 2005 alijiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea biokemia. Akiwa mwaka wa mwisho, Jumanne, tarehe 17 Machi 2009, baba yetu alitapika damu akiwa kwenye kibanda chake cha kazi, na kufikia saa saba mchana alikuwa ameaga dunia. Watu walisema ni sumu, wengine walimtaja jirani kwa jina, lakini daktari alituambia kwamba ni kichocho, ugonjwa wa minyoo ambao baba aliupata utotoni akioga ziwani kwao upande wa Homa Bay, na kwamba mayai ya minyoo hiyo yalikuwa yameliharibu ini lake kimyakimya kwa miaka thelathini. Filister alimwuliza daktari maswali hadi daktari akaangalia saa. Alipomaliza shahada yake ya kwanza mwaka huohuo, alikuwa ameshajua atakachofanya.

Alifunga ndoa na shemeji yangu, Bw. Duncan Mutunga, Jumamosi, tarehe 11 Desemba 2010, katika kanisa hili tulimo, wakapanga hapa Gatina, na Mungu akawajalia watoto wawili, Ryan, aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 2011, na Kalekye, aliyezaliwa tarehe 14 Septemba 2018. Alipata shahada ya uzamili mwaka 2012, kisha akaenda Cape Town kuanzia Februari 2013 hadi Novemba 2017 kwa shahada ya uzamifu, na miaka hiyo yote Shem Duncan alimlea Ryan pamoja na mama mkwe wa dada yangu, Mama Ndululu, akimpigia Filister simu kila Jumapili ili mama na mtoto wasisahauliane, jambo ambalo dada yangu alinitajia mara nyingi kuliko alivyotaja shahada yenyewe.

Wengi mmeniuliza wiki hii kazi yake hasa ilikuwa gani, kwa kuwa hamkumwona na koti jeupe wala chupa za maabara. Alitengeneza molekuli kwenye kompyuta. Ndani ya mnyoo wa kichocho kuna vimeng'enya, yaani mashine ndogo sana zinazoufanya mnyoo uishi, na mtu akipata molekuli inayoingia barabara mahali fulani kwenye kimeng'enya, mashine ile inakwama na mnyoo unakufa. Zipo molekuli nyingi kupita kiasi, haziwezi kujaribiwa zote kwa mkono, kwa hivyo kompyuta huzijaribu kwa hesabu, na mtafiti kazi yake ni kujua lini kompyuta inasema kweli na lini inampendeza tu.

Baada ya mwaka mmoja wa kufundisha chuoni, tarehe 1 Aprili 2019 aliajiriwa na kampuni ya dawa iliyo Barabara ya Mombasa, ambayo sitaitaja jina, akawa mtafiti mwandamizi wa molekuli, chini ya Bw. Wepukhulu, ambaye nashukuru yuko nasi. Miaka mitatu ya kwanza ilikuwa mizuri. Mwishoni mwa 2022 kampuni iliacha utafiti wa kichocho, ikamhamishia kwenye mambo mengine, na Januari 2023 aliombwa aandike ripoti iliyoacha nje majaribio kumi na moja yaliyoshindwa. Hakuiandika. Ijumaa, tarehe 27 Januari 2023, aliwasilisha barua ya kuacha kazi, na siku yake ya mwisho ilikuwa Jumanne, tarehe 28 Februari 2023.

Hapa ndipo ukurasa wa nne. Kijitabu chenu kinasema aliacha kazi tarehe 30 Septemba 2023. Naomba kila mwenye kalamu akate maneno hayo, mstari wa tisa kutoka juu, aandike tarehe 28 Februari 2023, na wasio na kalamu wainue mkono, akina mama wa jumuiya wanapita na penseli. Nitangoja.

Asanteni. Sasa mna haki ya kujua kwa nini nimewasimamisha katikati ya msiba kwa ajili ya miezi saba.

Mkataba wa dada yangu ulisema kwamba chochote atakachobuni akiwa mwajiriwa ni mali ya kampuni. Kazi kubwa ya maisha yake, molekuli ya kichocho, aliianza Jumatatu, tarehe 6 Machi 2023, na akaimaliza Ijumaa, tarehe 18 Agosti 2023. Mkihesabu mtaona. Kwa tarehe ya Februari kazi ile ni yake, na alitaka itolewe bure kwa mtafiti yeyote duniani. Kwa tarehe ya Septemba kazi ile ni ya kampuni, na kampuni inaweza kuifungia kabatini.

Kazi yenyewe aliifanya Laini Saba, kwa Mama, kwenye meza ambayo Mama hupangia omena, akiwa na kompyuta ya mkononi na mtandao wa simu, akituma hesabu nzito kwenye kompyuta za chuo, ambako mwalimu wake wa zamani alimpa nafasi. Kila siku aliandika kwenye daftari alichojaribu na kilichotokea, na kwa kuwa katika taaluma yao kila ukurasa unapaswa kusainiwa na mtu mwingine aliyeuelewa, alitafuta shahidi. Mimi alinikataa, akasema dada hahesabiki. Akamwomba Mama Kageha, anayeuza viatu vya mitumba mlangoni mwa Mama, kando ya reli.

Mama Kageha alikataa kusaini asichokielewa. Alisema, "Nikiitwa kortini nitaambia jaji nini, ati nilisaini kwa vile msichana wa Adhis ana adabu?" Kwa hivyo kila alasiri Filister alimweleza, akatumia viatu, akasema kimeng'enya ni mguu wa mteja, molekuli ni kiatu, naye anajaribu maelfu ya viatu kwenye mguu mmoja asioweza kuushika. Wiki tisa hakuna kiatu kilichoingia. Jumanne, tarehe 9 Mei 2023, nikiwa nimekaa hapohapo nikichambua omena, Mama Kageha alimkatiza.

"Ngoja kwanza. Huo mguu unaupima saa ngapi?"

"Hauna saa, Mama Kageha. Ni picha. Umesimama tu."

"Basi ndio maana. Mguu wa asubuhi si wa jioni, wewe. Mtu akishatembea, mguu unafura. Mimi mteja akikuja asubuhi namwambia rudi saa kumi, vile vilikuwa vinampwaya ndio vinamkaa. Na wewe na digrii zako zote unapima mguu umelala!"

Tulicheka, Mama akacheka zaidi, lakini Filister hakucheka. Alikuwa ameuchukua mguu wa kimeng'enya kama kitu kigumu kisichosogea, ili kuipunguzia kompyuta kazi, njia ya mkato ambayo wengi wao huitumia, na siku ile alianza upya, akakiacha kimeng'enya kitembee ndani ya hesabu, kijikunje na kujinyoosha, kisha akarudia viatu vyote alivyokuwa ametupa. Kimoja kiliingia. Si dawa bado, na naomba mtu asitoke hapa akasema dada yangu alipata dawa, ni dalili nzuri tu inayosubiri maabara, lakini iko kwenye kurasa mia moja arubaini na tatu, kila moja ina tarehe, na kila moja ina sahihi ya Mama Kageha, ambaye amekaa safu ya nne amevaa kilemba cha zambarau.

Kilichonipa shaka ni hiki. Novemba 2024 dada yangu aliieleza kazi hiyo katika mkutano wa wanasayansi Kisumu, na alipomaliza Bw. Wepukhulu alimwendea akamwuliza swali moja tu, "Hii uliianza lini?" Tangu msiba huu uanze, amefika Gatina jioni nne, akileta mkate na sukari, na tumemshukuru, lakini kila jioni ameuliza madaftari yako wapi. Alijitolea kampuni ituchapishie vijitabu, tukashukuru tena. Jumanne wiki hii alileta barua ya Shem Duncan kusaini, inayosema familia itakabidhi kazi zote alizofanya marehemu hadi tarehe 30 Septemba 2023. Jana mchana vijitabu vikafika, navyo vina tarehe hiyohiyo.

Niliamini wameibadilisha. Nilikuwa nimeshapanga maneno makali ya kuwaambia hapa. Lakini kabla ya kumshtaki mtu nilitafuta karatasi ya maisha yake ambayo familia iliipa kampuni ichapishe, na nikaikuta, na tarehe ya Septemba ilikuwemo, kwa mwandiko wa Shem Duncan.

Saa nane na nusu mchana jana nilimkuta kando ya matangi ya maji nyuma ya jengo, nikamwonyesha. Aliniambia, "Hiyo ndiyo siku aliacha kazi. Aliniambia mwenyewe, nikampikia chai." Nami nilijua kwamba anasema kweli, jambo ambalo hasira ilikuwa imenisahaulisha, kwa sababu siri hiyo niliitunza mimi. Februari ile Shem Duncan alikuwa ametoka kuachishwa kazi Eneo la Viwanda, alikuwa halali wala hali, na Filister hakuthubutu kumwambia kwamba naye ameacha ya kwake. Kwa hivyo kila asubuhi, miezi saba, alivaa nguo za ofisini, akaaga watoto, akaenda Kibera. Aliishi kwa kusahihisha hesabu za tasnifu za watu. Alipopata kazi ya kufundisha chuoni Oktoba 2023, ndipo alipomwambia mumewe kwamba ametoka kwenye kampuni mwezi uliotangulia.

Naomba msamaha kwa kulisema hili mbele ya jeneza lake. Sikuona njia nyingine. Nikinyamaza, dada yangu anabaki mke asiye na doa, na kazi yake inachukuliwa. Nikisema, kazi inabaki yake, na nyinyi mnajua alimdanganya mumewe. Nilimweleza Shem Duncan yote, na nitawasomea alichojibu, kwa sababu ameniamuru nisome.

"Alikuwa anaenda wapi, Celine?"

"Kwa Mama."

"Miezi saba?"

"Miezi saba, Shem."

Alikaa juu ya jiwe. Kisha akasema, "Mimi nilifikiria ni mwanaume."

Maana hapa Gatina yalisemwa. Mtu wa bodaboda alimwambia, "Bro, daktari wako si anafanya Mombasa Road? Mbona kila siku mimi humshukisha Kibera?" Wengine walimfuata Mama Ndululu na maneno hayohayo hadi nyumbani, naye akayaamini. Shem Duncan aliyabeba miaka miwili bila kumwuliza mkewe, kwa kuogopa jibu, naye mkewe hakumwambia, kwa kuogopa swali, wakawa wanakula meza moja. Jana alipomaliza kulia aliniambia, "Soma yote. Na hiyo yangu pia usome, wale walinong'ona wasikie alikuwa anaenda kufanya nini."

Sasa mmesikia.

Kwa Bw. Wepukhulu na wenzake nasema ninachokijua tu. Tarehe hamkuibadilisha, na nilipowadhania hivyo nilikosea. Lakini nimelinganisha karatasi ya Shem Duncan na kijitabu, na mmesahihisha mambo matatu kwenye ukurasa huohuo, mkaongeza neno "mwandamizi" kwenye cheo chake, mkaweka mkato uliokosekana baada ya jina la kampuni, mkarekebisha tarehe ya kuajiriwa, ambayo Shem aliiandika 2 Aprili, mkaiweka 1 Aprili kama ilivyo kwenye faili lenu. Barua yake ya kuacha kazi iko kwenye faili hilohilo. Macho yaliyoona mkato hayakuona miezi saba. Sijui kwa nini, na sitawajibia. Barua yenu tunairudisha bila sahihi, na Shem Duncan amekubali kazi yote iwekwe wazi mtandaoni pamoja na picha za madaftari, jambo ambalo mimi na mwalimu wake tulilikamilisha jana saa kumi na dakika ishirini jioni.

Kuhusu ugonjwa, Machi 2025 dada yangu alianza kuchoka bila sababu na kupata madoa ya damu kwenye ngozi, na Jumatano, tarehe 26 Machi 2025, alipimwa akakutwa na saratani ya damu. Alitibiwa kwa miezi sita, akalazwa mara nne, akapata nafuu mwezi Julai, kisha hali ikabadilika mwezi Septemba. Nilimsihi amwambie mumewe ukweli, akanijibu, "Nikitoka hapa nitamwambia mwenyewe, wewe usinitangulie." Nilimtii hadi jana. Alifariki Jumamosi, tarehe 11 Oktoba 2025, saa tisa alasiri, Shem Duncan akiwa ameshika mkono wake wa kulia na Mama wa kushoto, akiwa na umri wa miaka arubaini, miezi minne na siku tano. Nimesikia kwamba kuna wanaosema alitiliwa kitu kwenye chai. Nimesoma ripoti ya daktari mara mbili, na hakuna aliyemwua. Naomba shaka hiyo ife hapa, kwa sababu nimeona mwenyewe inavyokaa ndani ya nyumba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wadi ya saratani, hasa wale wa zamu ya mchana waliomwacha Kalekye aingie ingawa umri wake haukuruhusu, majirani wa Gatina waliopika na kukesha nasi siku zote hizi, majirani wa Laini Saba waliomwona akiingia kwa Mama kila asubuhi wasimwulize chochote, walimu wenzake na wanafunzi wa chuo, wafanyakazi wenzake wa zamani wa Barabara ya Mombasa waliokuja kwa moyo safi, akina mama wa jumuiya, Mchungaji, na Mama Ndululu, ambaye leo asubuhi aliingia chumbani tulikomvalisha marehemu, akamfunga leso yake mwenyewe kiunoni, akasema, "Msamehe mama yako," akatoka.

Ameacha mume, watoto wawili, mama, kaka watatu, mimi, na kurasa mia moja arubaini na tatu.

Filister, nimekutangulia, na nitakuomba msamaha tutakapoonana. Mumeo anajua, na bado ndiye atakayeshika upande wa mbele wa jeneza lako. Pumzika sasa, dada, kwa amani uliyoikosa miezi ile saba.